Sura ya Saba: Maji Yanayokula Sabuni

Mwenye nyumba wangu wa Ruangwa alikuwa na madumu mawili uani, la njano na la bluu, na jambo la kwanza aliloniambia baada ya kunikabidhi ufunguo ni kwamba nisiyachanganye. La njano lilikuwa la maji ya kisima, la kazi zote. La bluu lilikuwa la maji ya mvua yaliyokingwa chini ya bati, nalo lilikuwa na kazi moja tu: kusuuzia mashati meupe ya shule ya mjukuu wake.

"Mwanangu, maji haya yanakula sabuni," alisema, akiligonga dumu la njano kwa kidole cha mguu.

Nilimwona anakosea. Kama maji ya kisima ndiyo mlafi, basi maji ya mvua yangetumika kufulia, na ya kisima yabaki ya kusuuzia, maana wakati wa kusuuza sabuni imeshamaliza kazi yake. Sikumwambia. Mtu mzima aliyefua nguo kwa miaka hamsini hafundishwi kufua na mpangaji.

Ilikuwa Januari, shule zimefunguliwa, na shati lililokuwa kwenye beseni siku ile lilikuwa jipya kabisa, limetoka dukani, linafuliwa ili litoke ule ukakamavu wa kiwandani. Alipaka sabuni ya mche kwenye kola, akafikicha. Povu halikutoka. Maji yaliingia weupe wa kijivu, kisha vikatokea vipande vidogo laini vikielea kama tui lililokatika. Akapaka tena, akafikicha, akapaka mara ya tatu, ndipo povu jembamba likaanza kusimama. Alipomwaga, ukingoni mwa beseni ulibaki mstari mweupe. Niliupitishia ukucha ukatoka kama nta, wa mnato, hauna mchanga ndani yake.

"Nongo hizo," nikasema.

"Nongo za nani? Shati halijavaliwa!"

Alikuwa amenikamata. Ule uchafu haukutoka mwilini mwa mtu wala kwenye vumbi la njia ya shule. Ulikuwa ni sabuni yenyewe.

Ili kujua kilichotokea ndani ya beseni inabidi tuanzie chini ya ardhi. Ruangwa siku hizi inatajwa sana kwa madini ya kinywe, yale meusi yanayoteleza kama risasi ya penseli, yanayotafutwa kwa ajili ya betri. Kinywe hicho kimo katika miamba ya zamani sana ya Ukanda wa Msumbiji, na katika ukanda huo miamba ya kinywe mara nyingi huambatana na tabaka za marumaru. Marumaru ni chokaa iliyopikwa na joto na mgandamizo wa ardhi: kalsiamu kabonati, na pengine magnesiamu ndani yake. Mvua ikipita kwenye udongo huchukua kabonidayoksaidi inayotolewa na mizizi na vijidudu, inakuwa asidi dhaifu, na asidi hiyo ikikutana na marumaru inaimumunya polepole. Maji yanayopandishwa na pampu ya mkono huja na jiwe limeyeyuka ndani yake, lisiloonekana. Watu huyaita maji ya chumvi hata pale yasipokuwa na ladha ya chumvi ya mezani. Vitabu vya shule huyaita maji magumu. Hutofautiana kisima kwa kisima, kwa sababu mwamba nao hutofautiana hatua kwa hatua. Kijiji kimoja chaweza kuwa na kisima cha chai na kisima cha kufyatulia matofali.

Wakemia hupima ugumu huo kana kwamba wote ni kalsiamu kabonati, kwa miligramu katika lita. Chini ya 60 maji ni laini, zaidi ya 180 ni magumu sana. Lakini kabla ya mizani hizo, kipimo kilikuwa sabuni yenyewe. Thomas Clark, profesa wa kemia huko Aberdeen, Uskoti, aliyepata hataza ya kulainisha maji mwaka 1841, alikuwa akidondoshea maji ya sabuni kwenye chupa, anatikisa, anadondoshea tena, hadi povu lisimame dakika tano bila kuvunjika. Kiasi cha maji ya sabuni kilichotumika ndicho jibu. Mwenye nyumba wangu alikuwa akifanya jaribio la Clark kila Jumamosi, ila yeye alihesabu kwa mche.

Na hesabu hiyo si ndogo. Chukua maji yenye miligramu 300 kwa lita, ugumu usio wa ajabu kwa kisima cha kwenye marumaru. Kila chembe ya kalsiamu hunasa molekuli mbili za sabuni. Ukipiga hesabu kwa ndoo ya lita 20, unapata kama gramu 36 za sabuni kavu zilizoliwa kabla povu la kwanza halijasimama. Hakuna kola iliyosafishwa kwa gramu hizo, na mche wa dukani una maji na vijazio, kwa hiyo kipande kinachokwenda ni kikubwa zaidi ya hapo. Anayesema maji yanakula sabuni anasema kemia tupu.

Sabuni ni molekuli yenye mkia na kichwa. Mkia ni mlolongo mrefu wa kaboni, kwa kawaida 16 au 18, uliotoka kwenye mafuta ya mawese au ya wanyama. Unapenda mafuta na kuchukia maji. Kichwa kina chaji hasi na kinapenda maji. Kwenye maji laini, molekuli hizi hujikusanya duara, mikia ndani, vichwa nje, zikawa kama kiota kinachoweza kubeba tone la mafuta tumboni mwake. Duara hilo huitwa miseli. Sodiamu iliyokuja na sabuni huzunguka nje, ina chaji moja tu, haimbani mtu.

Kalsiamu ina chaji mbili, na huvishika vichwa viwili kwa pamoja na kwa nguvu. Vichwa vikibanwa hivyo havina tena nafasi ya kushikana na maji, na mikia miwili inaning'inia kutoka sehemu moja finyu. Umbo la namna hiyo haliwezi kujikunja likawa duara. Linajipanga tambarare, safu juu ya safu, kama mikeka iliyorundikwa dukani, na maji hayana pa kupenya. Hapo ndipo tui linapokatika. Vipande vinavyoelea ni sabuni ya kalsiamu, yenye mnato kama nta. Vinakamata masizi na jasho lililokwisha kutoka kwenye nguo, na vinatafuta pa kutua. Pa kutua palipo karibu kuliko pote ni nguo yenyewe.

Mikia hiyo ya mafuta inanikumbusha Nachingwea, wilaya ya jirani. Kinachonivutia ni kwamba mji ule ulifyekwa msitu kwa ajili ya mafuta, na tajiri aliyekuja na wazo alikuwa mtu wa sabuni. Wazee bado wanaongea habari za mradi wa karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Kampuni yake ilikuwa mali ya Unilever, na Unilever yenyewe ilizaliwa kwa ndoa ya siagi bandia ya Waholanzi na sabuni ya akina Lever wa Uingereza. Waingereza walikuwa hawana mafuta. Sabuni ilikuwa ya mgawo tangu Februari 1942, si kwa sababu viwanda vilibomolewa bali kwa sababu mafuta yaleyale yalitakiwa mezani; kila tani iliyoingia kwenye siagi bandia ilikuwa imeponyoka kwenye karai la sabuni. Ongeza na hili: London inakunywa maji yaliyopita kwenye chokaa. Mgawo mdogo wa sabuni, halafu maji hayo nayo yaile kwanza ndipo mtu aoge.

Yaliyofuata yanajulikana. Zaidi ya ekari milioni 3 zilipangwa, na kazi ikaanza Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikaja hadi Nachingwea, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba mambo yamekwisha, pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda. Mgawo wa sabuni ulikuwa umeshaondolewa Septemba 1950, bila msaada wowote wa karanga za Nachingwea.

Lakini ule mwaka wa 1946, wakati wajumbe wa serikali ya Uingereza, wakiongozwa na John Wakefield, wakizunguka Tanganyika kutafuta mashamba, kampuni ya Procter & Gamble huko Marekani ilianza kuuza unga uitwao Tide. Ulifua kwenye maji magumu bila kuacha utando, na mkia wa dawa ya namna hiyo haukulazimika kutoka shambani. Ndani ya miaka michache petroli ilikuwa ikitoa mikia kwa wingi kuliko karanga yoyote. Sidai kwamba ndicho kilichoua mradi wa karanga. Uliuawa na udongo mgumu, mvua chache na haraka ya watu wasioijua nchi. Ila sijui kichekesho kikubwa kuliko hiki: msitu unang'olewa Nachingwea kwa ajili ya sabuni, na kwingineko sabuni inastaafishwa.

Mabadiliko yenyewe yalianza zamani kidogo, na yalianza kwa njaa ya mafuta vilevile. Katika Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani ilizingirwa baharini, ikakosa mafuta, na Fritz Günther wa kampuni ya BASF akatengeneza Nekal, kitu cha kufulia kisichokuwa sabuni. Kilikuwa dhaifu kwa kufulia nguo nzito. Kilichokuwa na maana ni kichwa: badala ya kichwa cha sabuni, kiitwacho kaboksileti, kiliwekwa kichwa cha salfa. Kichwa cha salfa hakifungamani na kalsiamu kwa nguvu ileile, kwa hiyo chumvi yake haikatiki upesi. Mnamo 1930 wakemia wa kampuni ya Kijerumani ya IG Farben walitoa Igepon, na hapa nawaomba wapenzi wa karanga watulie: mkia wake ulitoka kwenye asidi ya oleiki, mafuta yaleyale ya kawaida. Mkia haukuwa na kosa lolote. Kichwa ndicho kilichokuwa kikitusumbua.

Vitu vyote hivi vyenye mkia na kichwa, sabuni ikiwamo, huitwa safaktanti. Na baadhi yao wana kipaji cha ziada ambacho ndicho kiini cha sura hii. Ukiwachanganya na sabuni kwenye maji magumu, si wao tu wasiozuiliwa na kalsiamu. Wanaizuia sabuni nayo isikatike.

Watu wengi hufikiri dawa hizo zinaondoa ugumu wa maji. Hapana. Kuondoa ugumu ni kazi ya magadi, ya majivu yaliyolowekwa na kuchujwa, ya fosfeti zilizojazwa kwa wingi ndani ya Tide ya mwanzo kuliko hata safaktanti yenyewe: hivyo huikamata kalsiamu au kuizamisha kabla haijaifikia sabuni. Kuchemsha nako huondoa sehemu, ndiyo maana birika linaota ukoko. Safaktanti ninayoizungumzia haifanyi lolote kati ya hayo. Inaiacha kalsiamu ishike vichwa vyake viwili kama ilivyotaka. Halafu inajipenyeza katikati.

Chukua ile wanayoiita slesi wauzaji wa malighafi za sabuni, ule uji mzito unaong'aa unaouzwa kwa kilo na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mkia wake una kaboni 12 hivi. Kichwa ni cha salfeti, lakini kati ya mkia na kichwa kuna vipande viwili au vitatu vya oksijeni na kaboni vinavyopenda kuvutia maji. Ni kama kichwa kilichovaa kilemba kilicholowa. Kichwa kikubwa namna hiyo kikijibanza katikati ya sabuni za kalsiamu zilizojipanga tambarare, kinazitenganisha. Safu zinashindwa kulala bapa, zinaanza kujipinda, na kilichojipinda hurudi kuwa kiduara. Kalsiamu imo humohumo, juu ya ngozi ya kiduara, imezungukwa na vilemba. Viduara vyote vina chaji hasi nje, kwa hiyo vikikaribiana vinasukumana badala ya kugandana. Utando uliokuwa uelee kama vipande vya tui unabaki umetawanyika katika chembe ndogo kupita jicho, na unamwagwa na maji.

Kuna kipimo cha kipaji hiki. Mwaka 1950 Wamarekani wawili, Borghetty na Bergman, walichapisha jaribio rahisi: chukua maji yenye ugumu wa 333, tia sabuni, kisha tafuta ni gramu ngapi za safaktanti zinahitajika kwa kila gramu 100 za sabuni ili tui lisikatike. Namba ikiwa ndogo, kipaji ni kikubwa. Ile safaktanti ya kawaida ya sabuni za unga, itokanayo na asidi iitwayo salfoniki, hupata kama 40. Igepon ya aina ya T hupata karibu 5. Zenye vilemba, jamaa za slesi, huwa chini ya 10. Miaka ya 1970, fosfeti ziliposhutumiwa kwa kulisha magugu kwenye maziwa ya Marekani, maabara ya wizara ya kilimo karibu na Philadelphia ilirudi kwenye mafuta ya ng'ombe yaliyokosa mnunuzi, ikajaribu kuifufua sabuni ya zamani kwa kuichanganya na watawanyaji wa namna hii. Kikemia ilifanya kazi. Sokoni vikamata-kalsiamu vingine, kama soda na zeolaiti, pamoja na mikia ya petroli, vilikuwa vimeshakaa.

Rudi sasa kwenye ndoo yetu iliyokula gramu 36. Kwa namba hizo, gramu mbili hadi nne za slesi zinatosha kuishikilia sabuni yote hiyo isigande. Slesi ya sokoni ina maji ndani yake, kwa hiyo tuseme kijiko kimoja cha chai, tusibishane.

Nilijaribu. Tanzania siku hizi ina maelfu ya akina mama, kwenye vikundi vya kukopeshana na nje ya vikundi, wanaotengeneza sabuni ya maji kwa slesi, salfoniki, chumvi na manukato, na kuiuza kwenye chupa za maji ya kunywa zilizotumika. Sikupata shida kuipata slesi. Nilichukua chupa mbili za nusu lita, nikazijaza nusu kwa maji ya dumu la njano, nikakwangua mche kwenye kikombe cha maji ya moto. Chupa ya kwanza nilitia sabuni peke yake. Tui likakatika, vipande vikapanda juu vikakaa kama mkufu shingoni mwa chupa. Ya pili nilianza na tone la slesi, ndipo nikatia sabuni kiasi kilekile. Maji yakawa na ukungu mwembamba, kama maji yaliyooshea mchele mara ya pili, na povu likasimama hadi kwenye kizibo.

Kisha nikafanya lile ambalo kila mtu angelifanya: nikatia slesi kwenye chupa ya kwanza, ile iliyokwisha kukatika. Nilitikisa hadi mkono ukachoka. Povu lilikuja, vipande vingi vikamomonyoka, ila vichache vilikataa, na shingoni mwa chupa mkufu ulibaki. Safu zikishalala na kushikana, kuzipenya ni kazi ya mikono, ya moto na ya muda. Mtawanyaji anatakiwa awahi kabla ya sabuni. Kwa utando uliokwisha kuganda kwenye sinki au ukutani bafuni, ndimu au siki ina nguvu zaidi, kwa sababu asidi humnyang'anya kalsiamu vichwa vyake. Kinachobaki ni asidi ya mafuta, laini, ambayo sabuni ya maji inaweza kuibeba.

Nikiwa na chupa zangu juu ya kizingiti ndipo nilipoelewa dumu la bluu. Wakati wa kufua, mche upo mwingi. Kalsiamu ya ndoo ile ina kikomo. Ikishakula shibe yake, sabuni inayobaki inatosha kutoa povu, na inatosha hata kuvishikilia vipande vya tui visitue, maana sabuni iliyozidi nayo ni safaktanti. Beseni linaonekana baya lakini nguo iko salama kiasi. Hatari inakuja wakati wa kusuuza. Nguo inatoka imelowa sabuni, unaitumbukiza kwenye ndoo mpya ya kisima, na ndoo hiyo ina kalsiamu mpya, yenye njaa, dhidi ya sabuni iliyopungua. Mlinzi ameondoka, mlafi ameingia. Tui linakatika safari hii ndani ya uzi wenyewe. Hapo ndipo kanga inapokakamaa na shati jeupe kuanza safari ya kuelekea kijivu, suuzo baada ya suuzo.

Angekuwa na mvua ya kutosha, angefulia na kusuuzia, akaokoa na mche pia. Alikuwa na dumu moja. Alikuwa ameshapima kipi ghali, kipande cha sabuni au shati la shule, akaliweka dumu mahali pake.

Nilimpelekea chupa ya pili, yenye povu hadi kizibo, nikamweleza habari za vilemba. Alisikiliza, akaitikisa, akaifungua akanusa. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akakisugua kidole kwa kidole.

"Inateleza vizuri," akasema. "Hiyo slesi yako kilo shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akachukua ndoo ya kufulia, akaijaza kwa dumu la njano, akatia kifuniko kimoja cha slesi yangu, akafikiri, akaongeza nusu kifuniko. Ndipo akachukua mche. Povu lilisimama kwenye kola ya kwanza, akacheka. Alipofika kusuuza alinyoosha mkono bila kugeuka, na nikampa dumu la bluu.